Tuzo za Vyuo Kitale na Bungoma: Kikombe Kinapima Nini?

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, wanafunzi na wakufunzi wa Trans Nzoia na Bungoma



Matokeo ya KCSE yakishatoka, barabara ya kutoka Webuye kupitia Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale hubadilika rangi. Mabango ya vyuo huning'inia kwenye nguzo za stima, kwenye miti na kwenye kuta za maduka ya dawa za mifugo. Mengi hufanana. Kuna picha ya jengo, kuna mwanafunzi aliyevaa joho, na kuna kikombe. Chini ya kikombe pameandikwa "Chuo Bora cha Mwaka" au "Nambari Moja Katika Kanda", na mara nyingine, mwenye bango akipata ujasiri, "Bora Afrika Mashariki na Kati".

Sasa mfikirieni mzazi wa Chwele au Endebess aliyesimama mbele ya bango hilo. Ameuza ng'ombe wa maziwa. Ana karo ya mwaka wa kwanza mkononi, na ya mwaka wa pili anamwachia Mungu. Binti yake amepata alama ya C-, ambayo haimpeleki kusomea shahada, kwani shahada huanzia C+, lakini inamfungulia mlango wa stashahada katika chuo cha kiufundi. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kusoma katika vyuo hivi, kwa hiyo hana wa kumuuliza. Kikombe kile cha kwenye bango ndicho ushahidi pekee alio nao. Akikisoma vibaya, ng'ombe hatarudi, na binti atakuja nyumbani na karatasi ambayo hakuna mwajiri anayeitambua.

Mazungumzo haya ni kwa ajili ya mzazi huyo. Hayakusudii kudharau tuzo, kwa maana zipo zilizotolewa jasho. Yanakusudia kueleza kila tuzo inapima nini, na mambo gani haiyagusi kabisa.

Mkazi wa Kitale hahitaji kwenda mbali kuona vyuo vikishindana. Shirika la Kilimo la Kenya, ambalo kila mtu hulijua kwa herufi zake ASK, lina mizizi inayorudi nyuma hadi mwaka 1901, na maonyesho yake ya Kitale ni miongoni mwa makubwa nchini. Watu huenda kuona ng'ombe, mbegu na trekta, na watoto huenda kwa sababu ya bembea. Lakini katikati ya uwanja kuna safu ya mabanda ya vyuo: vyuo vikuu, vyuo vya kiufundi, vyuo vya matibabu. Waamuzi hupita na karatasi zao. Hutazama jinsi banda lilivyopangwa, kama vitu vilivyoletwa vinahusiana na kauli mbiu ya mwaka, na jinsi wanafunzi wanavyojieleza. Alama hujumlishwa, na washindi husomwa mbele ya mgeni wa heshima. Siku hiyo ndiyo picha ya kikombe hupigwa.

Kikombe cha namna hiyo kina maana yake. Chuo ambacho hakina karakana inayofanya kazi hupata taabu kujaza banda. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika kifaa hugunduliwa na swali la pili, hasa swali hilo likiulizwa na mkulima wa Kwanza ambaye mashine yake mwenyewe imeharibika mara tatu msimu huu. Kwa hiyo banda lililoshinda linaonyesha kwamba chuo kina kitu cha kuonyesha na kina vijana wanaoweza kukieleza. Hilo si dogo.

Hata hivyo mwamuzi hukaa kwenye banda dakika chache tu. Haingii darasani. Hajui kama mashine ile imeundwa na wanafunzi 40 wa mwaka wa pili au na mkufunzi mmoja usiku wa kuamkia maonyesho. Hajui kama waliobaki chuoni wanagawana mtambo mmoja wa kuchomelea watu 30. Na karatasi yake haina mahali pa kuandika mashine itakuwa wapi mwaka ujao.

Hapo ndipo kwenye uzito, na panastahili mfano. Trans Nzoia na Bungoma ni nchi ya mahindi. Kila mkulima anajua kwamba shida haiishi kwenye kuvuna. Bodi ya Nafaka, NCPB, hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mavuno yakikutana na mvua, mahindi yanakaa na unyevu, yanaota ukungu, na ukungu huleta sumu ya aflatoksini ambayo haionekani kwa macho. Mkulima asiye na kikausho humwuzia mtu wa kati kwa bei anayoitaka mtu wa kati. Ndiyo maana mashine za kukausha na kupukuchua mahindi hupendwa sana kwenye maonyesho kama haya. Zinagusa mfuko wa kila anayepita.

Basi chuo kikileta kikausho, kinaweza kushinda, na pengine kinastahili. Lakini maswali ya mkulima ni mengine. Kinatumia kuni, makaa, gesi au stima? Gunia moja linagharimu shilingi ngapi kukausha? Kikiharibika, kipuri kinapatikana Kitale au mpaka Nairobi? Na swali kubwa kuliko yote: kuna mkulima gani, hata mmoja, ambaye anakitumia shambani kwake sasa hivi? Mashine nyingi zilizopigwa makofi uwanjani hurudishwa chuoni, hufunikwa turubai, na hutolewa tena mwaka unaofuata zikiwa zimepakwa rangi mpya. Wanaohudhuria maonyesho kila mwaka wanazitambua kama wanavyotambua ng'ombe wa jirani.

Kitale yenyewe ina mfano wa ubora uliopimwa kwa njia tofauti. Mwaka 1964, kituo cha utafiti wa mahindi cha hapa kilitoa mbegu chotara iliyoitwa H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mbegu iliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa papa hapa mwaka 1956, ikaizalisha na kuisambaza. Waamuzi walikuwa wakulima wenyewe. Aliyepanda aliona tofauti kwa jirani aliyekuwa bado na mbegu ya kienyeji, na msimu uliofuata jirani naye akaenda kununua. Nambari za mbegu zikawa maneno ya kawaida vijijini, hata kwa bibi asiyejua kusoma. Vikombe vya mwaka ule, kama vilikuwapo, hakuna anayevikumbuka.

Zipo tuzo za aina nyingine ambazo hazihusiani na mashine. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la drama mwaka 1959. Siku hizi la drama limeongezewa filamu. Yote mawili yana vitengo vya vyuo na vyuo vikuu, na yote hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka mashinani hadi kanda na kisha taifa, ambapo baadhi ya washindi hupata nafasi ya kutumbuiza mbele ya Rais. Michezo nayo ina vikombe vyake. Wazazi wengine hunung'unika kwamba mambo haya yanapoteza wakati wa masomo. Wanakosea. Kijana aliyesimama jukwaani akakumbuka maneno yake mbele ya ukumbi uliojaa hatatetemeka mbele ya jopo la mahojiano ya kazi. Lakini kikombe cha kwaya hakisemi lolote kuhusu somo la umeme, na chuo kinachokiweka kwenye bango la kozi ya umeme kinategemea kwamba mzazi hatauliza kikombe ni cha nini.

Karibu zaidi na ufundi ni maonyesho ya teknolojia na mashindano ya roboti ya vyuo vya kiufundi, ambayo pia huanzia ngazi ya kanda. Hapa mambo ni wazi zaidi, kwa sababu roboti ama inabeba mzigo na kuufikisha kwenye alama, ama inageuka na kugonga ukuta. Hakuna hotuba ya kuiokoa. Dunia nzima inaelekea huko. Mashindano ya WorldSkills, yaliyotokana na mashindano ya ufundi yaliyoanza Uhispania miaka ya 1940, yaliwakutanisha vijana katika mji wa Lyon, Ufaransa, Septemba 2024, kwenye stadi zaidi ya 50, kuanzia ujenzi wa matofali hadi upishi. Kijana hupewa kazi na muda. Ukuta wake hupimwa kwa timazi na rula. Akikosea kwa milimita, alama zinakwenda. Anayeshinda ni yeye kwa jina lake, akisimama kwa niaba ya nchi yake.

Sasa neno "kanda", ambalo kwenye mabango hutumiwa kama vile kila mtu analijua. Mtu akitoka Bungoma akavuka kwenda Kitale, hahisi amehama. Lugha ni zile zile, soko ni lile lile, na harusi zinavuka mpaka kila Jumamosi. Marehemu Masinde Muliro, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu cha Kakamega, alikuwa mtu wa Kimilili na akachaguliwa bungeni na watu wa Trans Nzoia. Lakini katika hesabu za elimu na mashindano mengi, mipaka ya mikoa ya zamani bado iko. Bungoma imo Magharibi, pamoja na Kakamega, Vihiga na Busia. Trans Nzoia imo Bonde la Ufa, eneo linaloanzia Turkana mpaka Kajiado. Chuo cha Kitale kinaweza kushindana na chuo cha Narok na kisikutane kamwe na chuo cha Bungoma kilicho mwendo wa matatu moja.

Na si hapo tu. Kwenye miungano ya kaunti, Trans Nzoia imo katika ule wa Kaskazini mwa Bonde la Ufa na pia katika ule wa ukanda wa Ziwa, ambako Bungoma nayo ni mwanachama. Kwa hiyo "bora katika kanda" inaweza kuwa kanda tatu tofauti. Kisha kuna jambo la idadi. Kitengo kikiwa na washiriki watatu, kila mmoja anarudi nyumbani na cheti: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tatu kati ya watatu ni wa mwisho, ingawa kwenye bango atakuwa "miongoni mwa vyuo vitatu bora".

Vyuo vikuu vina namna yao. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilicho karibu na mji wa Bungoma, kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro na kikapata hati yake kamili Novemba 2015. Kitale kuna mabewa ya vyuo vikuu vyenye makao kwingine. Taasisi za aina hii hupimwa kwa orodha za kimataifa, na inayotajwa sana hapa Kenya inaitwa Webometrics, iliyoanzishwa na watafiti wa Uhispania mwaka 2004. Inafaa wazazi waelewe orodha hiyo inahesabu nini. Inatazama jinsi chuo kinavyoonekana kwenye intaneti, tovuti nyingine zinavyokielekeza, na tafiti za wahadhiri wake zinavyonukuliwa na wasomi wengine. Ni mambo ya maana kwa chuo kikuu. Lakini orodha hiyo haikuingia darasani kuona kama mhadhiri alifika, wala haikuuliza wahitimu kama wamepata kazi. Chuo kikipanda nafasi 10 kwa sababu tovuti yake imetengenezwa vizuri, mwanafunzi wa ualimu hajaongezewa kitabu maktabani.

Kuna aina ya mwisho ya tuzo, na hii inahitaji kusemwa waziwazi. Mkuu wa chuo hupokea ujumbe kwamba chuo chake kimeteuliwa kuwania tuzo ya ubora. Hakuomba. Hajui ni nani aliyemteua. Ujumbe unaendelea kusema kwamba hafla itafanyika katika hoteli kubwa, na ili kupokea tuzo, chuo kilipie meza. Kuna bei ya meza ya kawaida na bei ya meza ya mbele. Kuna bei ya kigae cha kioo chenye jina. Usiku wa hafla, karibu kila meza inasimama kupokea. Hakuna aliyeshindwa, kwa sababu hakuna aliyeshindana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi chajitembeza kwa gari la kukodi na suti mpya.

Vyuo vinavyonunua vigae hivyo si lazima viwe vibaya. Vingine hushawishika kwa sababu jirani ananunua, na bango lisilo na kikombe siku hizi huonekana kama mtu aliyekuja harusini bila viatu. Lakini fedha ya meza hutoka mahali fulani, na katika chuo mahali hapo ni karo. Mzazi aliyeuza ng'ombe amelipia kioo.

Je, kuna njia ya kuitambua? Tuzo ya kweli haikasiriki ikiulizwa. Waamuzi walikuwa nani? Walipima kwa vigezo gani? Washiriki walikuwa wangapi, na aliyeshindwa ni nani? Chuo kilicholeta kikombe kwa haki hujibu bila kubabaika, tena kwa furaha. Kikianza kusema "ni mambo ya utawala", mzazi amekwisha kujibiwa.

Hata tuzo safi kabisa haichukui nafasi ya sheria. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013, kila chuo cha kiufundi, cha umma au cha binafsi, lazima kiidhinishwe na mamlaka inayoitwa TVETA. Mamlaka hiyo huchapisha orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa kwenye tovuti yake, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Cheti cha idhini hutakiwa kuwepo chuoni, na mzazi ana haki ya kuomba kukiona. Akikiona, asitosheke na muhuri. Asome tarehe, kisha asome kozi. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kufundisha ushonaji na kisiwe nayo ya kufundisha uhandisi wa magari, na bango lisitofautishe. Wakufunzi nao hutakiwa kusajiliwa.

Kwa upande wa vyuo vikuu, anayeidhinisha ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Hapa pia suala ni chuo na ni kozi. Na kwa kazi kama uuguzi kuna mlango mwingine zaidi: Baraza la Wauguzi ndilo linalotoa leseni ya kufanya kazi. Mtu anaweza kusoma miaka mitatu, akavaa joho, akapigwa picha na ukoo mzima, na bado asiruhusiwe kugusa mgonjwa. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa.

Swali la mtihani pia ni la lazima. Mwanafunzi atakapomaliza, ni nani atakayemtahini? Kwa mitaala ya zamani ni Baraza la Mitihani, KNEC. Kwa mitaala mipya ya umilisi, ambapo mwanafunzi hupimwa kwa kuonyesha kwamba anaweza kufanya kazi yenyewe, ni TVET CDACC. Chuo kikisema kitatoa cheti chake chenyewe "kinachotambulika kimataifa", mzazi aulize kinatambulika na nani hapa nchini.

Kisha kuna mafunzo ya nyanjani, ambayo hakuna kikombe kinachoyapima. Zamani chuo cha Bungoma au Kitale kilikuwa na mahali pa kupeleka vijana: kiwanda cha sukari cha Nzoia, kiwanda cha karatasi cha Webuye, mashamba makubwa, gereji za mji. Kiwanda cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, haikuwa kazi tu zilizopotea. Vijana wa umeme na mitambo walipoteza darasa ambalo hakuna chuo kinachoweza kulijenga. Chuo ambacho leo kinafanikiwa kumpatia kila mwanafunzi wake mahali pa kujifunza kazini, na mkufunzi akaenda kumtazama huko, kinafanya kazi ngumu kuliko ile ya kupamba banda. Hakuna anayekipigia makofi.

Na serikali ya kaunti iko wapi katika haya yote? Wengi hudhani gavana anaweza kuamuru chuo kikuu kibadilishwe hivi au vile. Hawezi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liligawa kazi. Vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu ni vya Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kitale, kilichopandishwa hadhi hiyo mwaka 2016, pamoja na vyuo kama Sang'alo, Kisiwa na Matili upande wa Bungoma, si vya kaunti. Kilichokabidhiwa kaunti ni elimu ya chekechea na vile vilivyoitwa vyuo vya ufundi vya vijiji, ambavyo sasa ni vituo vya mafunzo ya ufundi. Huko ndiko anakokwenda kijana ambaye alama zake hazikufika popote, na hata yule ambaye hakufika kidato cha nne. Ni vituo visivyo na mabango mengi, na kwenye hafla za tuzo za mikoa mara nyingi hukaa nyuma.

Kaunti ikitaka kuonyesha tuzo njema inavyofanana, ina mahali pa kuanzia ambapo haihitaji ruhusa ya mtu. Inaweza kutoa tuzo kwa vituo vyake kwa kuhesabu waliojiandikisha, waliomaliza, na wanaofanya kazi mwaka mmoja baadaye. Fundi aliyehitimu anaweza kufuatwa mpaka kwenye kibanda chake cha jua kali, na mteja wake akaulizwa kama lango alilochomelewa bado linafunga. Na kikombe kikitolewa, nusu yake ibaki kwenye kabati la ofisi ya kaunti mpaka mwaka ujao, mashine iliyoshinda itakapoonekana ikifanya kazi kwa mkulima.

Jambo moja lisisahauliwe, nalo ni jina la mwanafunzi. Katika tuzo nyingi za mabanda, kikombe hupokewa na mkuu wa chuo, huwekwa katika kabati la kioo kwenye mapokezi, na chini yake huandikwa jina la chuo na mwaka. Kijana aliyekesha akitengeneza mashine hurudi darasani. Akihitimu, hana karatasi inayosema kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza. Cheti kidogo chenye jina lake, kilichotiwa sahihi na waamuzi, hakigharimu chochote na kingeweza kumpatia kazi.

Tena kuna hatari ambayo vijana wengi hawaijui. Anayeonyesha uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuuandikisha anaweka haki yake rehani. Uwanja wa maonyesho umejaa watu wenye simu, na si wote wamekuja kushangaa. Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, iliyoko Nairobi, hupokea maombi chini ya sheria ya mwaka 2001. Hataza humlinda mvumbuzi kwa miaka 20. Kwa ubunifu mdogo, kwa mfano kuboresha mashine ya kupukuchua iliyopo tayari, kuna hati nyepesi zaidi inayolinda kwa miaka 10. Chuo kinachojali ubora humsaidia mwanafunzi kujaza fomu hizo kabla hakijampandisha jukwaani, na humweleza mapema kama haki itakuwa yake, ya chuo, au ya wote wawili. Mkufunzi aliye hapa leo na ambaye hajawahi kulifikiria jambo hilo ana wiki kadhaa za kulifikiria kabla ya maonyesho yajayo.

Turudi kwa yule mzazi wa Chwele au Endebess. Ushauri kwake ni mfupi. Asiende chuoni siku ya sherehe, wala siku ya kusajili wanafunzi, kwa sababu siku hizo hata nyasi huwa zimekatwa. Aende Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, pamoja na binti yake. Akifika mapokezi atakiona kikombe kabatini. Akitazame, aulize ni cha nini na cha mwaka gani, na akipongeze kama kinastahili. Kisha aombe kuonyeshwa karakana. Wanafunzi wako ndani? Mitambo mingapi inanguruma, na mingapi imekaa na vumbi? Binti aongee na wanafunzi wenzake akiwa peke yake, baba akisubiri nje. Na kama ufunguo wa karakana utatafutwa kwa nusu saa, kila mtu akimtuma mwenzake, hilo nalo ni jibu.